Nani wa Kumwuliza? Mameneja wa Kliniki Ndogo za Saratani mjini Sydney



Tunapozungumzia ugonjwa wa saratani, kwa kawaida tunawataja watu wawili, mgonjwa na daktari wake. Leo naomba tumtazame mtu wa tatu. Huyu havai koti jeupe, hajui kuisoma picha ya mionzi, na jina lake halimo katika cheti chochote cha mgonjwa. Lakini yeye ndiye aliyehakikisha kwamba dawa imefika kabla ya saa tatu asubuhi, kwamba kiti cha dripu ki wazi, kwamba bima imekubali kulipa, na kwamba muuguzi wa zamu hakuachwa peke yake. Asipokuwapo kwa juma moja, mgonjwa na daktari watabaki kila mmoja upande wake wa mlango. Huyo ni meneja wa kliniki, na swali la mazungumzo yetu ni hili: yeye naye akikwama, humwuliza nani?

Mazungumzo haya yanatupeleka Sydney, mji mkuu wa jimbo la New South Wales nchini Australia. Nimeuchagua mji huo kwa sababu huko hospitali kubwa na kliniki ndogo zinaishi jirani. Katika kitongoji cha Camperdown ipo hospitali ya serikali ya Royal Prince Alfred, na hatua chache kutoka hapo ipo Chris O'Brien Lifehouse, hospitali ya saratani isiyotafuta faida, iliyofunguliwa mwaka 2013. Imepewa jina la Profesa Chris O'Brien, daktari mpasuaji wa saratani za kichwa na shingo, ambaye mwenyewe alifariki kwa uvimbe wa ubongo mwaka 2009 kabla hajaiona ikisimama. Taasisi za namna hiyo zina idara ya fedha, idara ya sheria, wataalamu wa kompyuta, na wafamasia wao wenyewe. Meneja wa huko akiwa na tatizo, hupita ukumbini akagonga mlango wa pili.

Lakini katika vitongoji vya mji huo huo zipo pia kliniki za binafsi zenye daktari bingwa mmoja, wawili, pengine watatu. Zina wauguzi wachache, viti vichache vya dripu, mhudumu wa mapokezi, na meneja mmoja. Juu yake yupo daktari, ambaye ndiye mwajiri. Chini yake wapo watumishi wanaomtazama yeye. Ukumbi wa kupita akagonga mlango wa pili haupo.

Ili tuone uzito wa kazi yenyewe, hatuna budi kusema machache juu ya fedha. Bima ya afya ya umma ya Australia, yaani Medicare, ilianza tarehe 1 Februari 1984. Serikali imeweka orodha ndefu ya huduma, na kila huduma ina nambari yake na ada yake. Mgonjwa akimwona daktari bingwa nje ya hospitali, Medicare hurudisha asilimia 85 ya ada iliyo katika orodha. Akilazwa kama mgonjwa wa binafsi, hurudisha asilimia 75. Daktari naye anaruhusiwa kutoza zaidi ya ada hiyo. Tofauti inayobaki huitwa pengo, na pengo hilo huangukia mfuko wa mgonjwa, au bima yake ya binafsi kama anayo na kama inakubali. Mtu anayempigia mgonjwa simu kumweleza pengo ni kiasi gani, siku chache tu baada ya mgonjwa huyo kuambiwa kwamba ana saratani, si daktari. Ni meneja, au mhudumu aliyefundishwa na meneja. Mwaka 2020 shirika la Cancer Council pamoja na mashirika mengine ya wagonjwa lilitoa mwongozo unaohimiza kwamba gharama zote zielezwe wazi kabla matibabu hayajaanza. Mwongozo ni mzuri. Kuutekeleza mbele ya mtu anayelia ni jambo jingine.

Dawa zina hesabu yake. Australia ina mpango wa taifa wa kupunguza bei za dawa tangu mwaka 1948, na dawa za tibakemia, au kemotherapi kama wengi tunavyoiita, zimekuwa na utaratibu wao maalumu tangu Desemba 2011. Kwa utaratibu huo serikali hulipa kwa kuangalia miligramu alizoandikiwa mgonjwa, ikikokotoa mchanganyiko wa vichupa wenye gharama nafuu. Dawa yenyewe huchanganywa katika chumba kisicho na vijidudu, mara nyingi na kampuni ya nje, kwa jina la mgonjwa mmoja na kwa kipimo cha mwili wake. Nyingine huharibika baada ya siku chache tu, au hata saa chache.

Sasa tuseme damu ya mgonjwa imepimwa, na chembe nyeupe zimeshuka mno. Daktari anaahirisha dripu, na anafanya sawasawa, kwa kuwa kumpa dawa hiyo mtu asiye na kinga ni kumhatarisha. Dawa imekwisha kuchanganywa, imo kwenye jokofu, na huenda thamani yake ni maelfu ya dola. Je, inaweza kuhifadhiwa? Mkataba na duka la dawa unasemaje? Hasara ni ya nani? Je, kuanzia sasa tuagize dawa baada ya majibu ya damu, tukijua kwamba huenda ikachelewa na mgonjwa akasafiri bure? Maswali haya hayamo katika vitabu vya udaktari, wala kitabu cha uhasibu hakiyagusi. Yamo katika vichwa vya watu waliokwisha kupata hasara hiyo.

Lipo na jambo lisiloandikwa katika hesabu. Kliniki ya saratani huwapoteza wagonjwa wake. Mashine ya kutuma ujumbe wa simu haijui habari hiyo. Mtu amezikwa Jumamosi, na Jumatatu simu yake inalia mezani kwa mjane: unakumbushwa miadi yako ya kesho saa nne. Au ankara inafika nyumbani siku ya arobaini. Anayeipokea simu ya hasira, na ina haki kuwa ya hasira, ni meneja. Na huenda meneja huyo alimjua marehemu kwa miaka mitatu, alijua anapenda kukaa kiti cha dirishani, alijua jina la mjukuu wake. Muuguzi akilia hueleweka. Mtu wa ankara akilia, watu hushangaa.

Jambo hili la huzuni ya watumishi lilimgusa mwanasheria mmoja wa Boston, Marekani, aliyeitwa Kenneth Schwartz. Aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu mwaka 1994, akafariki mwaka 1995. Katika ugonjwa wake aliona jinsi wema mdogo wa watumishi ulivyompunguzia mateso, na kabla ya kifo chake aliweka msingi wa kituo chenye jina lake. Kuanzia mwaka 1997 kituo hicho kilianzisha vikao ambamo watumishi wa hospitali hukaa pamoja kuzungumzia uzito wa kazi yao, na vikao hivyo vimeenea katika nchi nyingi. Msingi wake ni kwamba aliyeko mapokezi ana nafasi sawa na profesa. Lakini kikao cha namna hiyo huhitaji hospitali yenye watu wa kujaza chumba. Kliniki yenye watumishi saba haiwezi kujikalisha yenyewe ikajisikiliza. Inabidi meneja atoke nje akatafute wenzake.

Na hao wenzake ni nani? Hapa ndipo penye ugumu, na kwa maoni yangu ndipo penye uzuri pia. Watu pekee wanaoifahamu kazi yake ni mameneja wa kliniki nyingine za saratani, yaani washindani. Wanawatafuta wagonjwa wale wale, wanagombea wauguzi wale wale, na pengine waajiri wao hawasalimiani.

Wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam hawatashangazwa na hali hiyo. Pale Kariakoo maduka ya vitambaa yamepangana ukuta kwa ukuta. Mteja akitaka rangi ambayo mwenye duka hana, kijana hutumwa mbio kwa jirani, naye jirani hutoa kitambaa bila hati, akijua kwamba jioni atalipwa au kesho atarudishiwa fadhila. Wenye maduka hao hushindana kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Lakini mmoja akifiwa, wengine hufunga maduka wakaenda mazikoni. Ushindani wao una mipaka ambayo kila mtu anaijua ingawa hakuna aliyeiandika.

Kwa mameneja wa afya nchini Australia, mipaka hiyo imeanza kuandikwa. Chama cha taifa cha mameneja wa kliniki, kinachojulikana kwa kifupi kama AAPM, kiliundwa mwaka 1979, na kinawakusanya mameneja wa kila aina, wa madaktari wa familia, wa meno, wa macho, wa mifupa. Humo meneja hupata mafunzo, kanuni za maadili, na watu wa kuzoeana nao. Kwa upande wa saratani ipo jumuiya ya wataalamu, COSA, iliyoanzishwa mwaka 1973 na yenye ofisi zake Sydney, inayowaunganisha madaktari, wauguzi, wafamasia na watafiti. Meneja wa kliniki ndogo ya saratani ana mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Kwa wenzake wa umeneja anaonekana mtu wa ajabu mwenye jokofu la dawa za maelfu ya dola, na kwa wataalamu wa saratani anaonekana mtu wa karatasi. Kwa hiyo manufaa makubwa hupatikana katika duara dogo zaidi, la watu wanane au kumi wa kazi ile ile hasa, wanaojuana kwa majina na kupigiana simu bila kuomba radhi.

Mfano unaojulikana zaidi wa mtandao kama huo uko Marekani, na inafaa tuutazame kwa sababu ulizaliwa na shida. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyobadili namna bima ya wazee inavyolipia dawa zinazotolewa kliniki. Kuanzia mwaka 2005 malipo yalikuwa wastani wa bei ya soko pamoja na asilimia 6 juu yake, na kuanzia Aprili 2013 makato ya bajeti yaliila sehemu ya asilimia hizo 6. Kliniki ndogo, ambazo hununua dawa kwanza na kulipwa baadaye, zilijikuta zikiogelea juu ya mawimbi. Nyingine zilifungwa, nyingine zilinunuliwa na hospitali. Mwaka huo huo wa 2003 kliniki zilizotaka kubaki huru ziliunda muungano wao, Community Oncology Alliance, na ndani ya muungano huo mameneja wana mtandao wao wenyewe wa kuulizana na kufundishana. Tarehe 21 Februari 2024 wadukuzi walipoishambulia kampuni ya Change Healthcare, ambayo madai mengi ya malipo nchini humo hupita kwake, kliniki nyingi zilikaa majuma bila kulipwa. Katika juma la namna hiyo meneja asiye na wenzake huketi mbele ya kompyuta akidhani kosa ni lake.

Zipo sauti zinazosema dawa ya upweke huo ni kuiuza kliniki kwa kampuni kubwa, ambayo ina mameneja wengi wanaofundishana wao kwa wao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ukubwa nao una ajali zake. Kampuni ya GenesisCare ilianzia Australia mwaka 2005, ikakua, na mwaka 2020 ikanunua kampuni kubwa ya tiba ya saratani ya Marekani. Juni 2023 iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake, na ilitoka katika hali hiyo Februari 2024 ikiwa imejipanga upya. Vituo vyake vya Australia viliendelea kuhudumia wagonjwa. Hata hivyo nadhani mameneja wake wengi hawakulala vizuri mwaka ule.

Turudi Sydney, tuone ni mambo gani hasa mtu huyauliza.

Katikati ya mwaka 2024 Australia ilipata upungufu wa maji ya dripu, yaani yale maji ya chumvi yanayoning'inizwa juu ya kitanda. Wauzaji wakubwa walikuwa watatu tu, na kiwanda pekee kilichoyatengeneza nchini, cha kampuni ya Baxter, kiko magharibi ya mji huo huo wa Sydney. Mwezi Septemba kimbunga Helene kiliigharikisha Marekani na kukifunga kiwanda kingine cha Baxter huko North Carolina, kilichotoa takriban asilimia 60 ya maji ya dripu yanayotumika Marekani. Dunia nzima ikawa inatafuta mfuko mmoja wa maji ya chumvi. Kwa kliniki ya tibakemia hili si jambo dogo, maana takriban kila dawa husafiri ndani ya maji hayo.

Hospitali kubwa ina kamati ya dharura na sauti serikalini. Kliniki ndogo ina meneja na kabati. Lakini meneja huyo akiwa na wenzake kumi, kwa simu chache anajua mambo matatu: nani amepata mzigo na kwa njia gani, wafamasia wa wengine wamekubali kutumia mifuko ya ukubwa gani, na ni wagonjwa gani wameonekana wanaweza kunywa maji badala ya kuwekewa. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari na mfamasia. Ila swali limefika kwao likiwa limepikwa nusu.

Mfano wa pili unatuhusu sisi wenyewe tunaosema Kiswahili. Magharibi ya Sydney, katika vitongoji kama Blacktown na Auburn, zinaishi familia zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na kwingineko Afrika Mashariki. Mama mzee anapofika kwa daktari bingwa bila Kiingereza, aghalabu anayemtafsiria ni mjukuu wake wa miaka kumi na minne. Fikiria mtoto huyo anaambiwa amweleze bibi yake kwamba ugonjwa umefika kwenye ini. Ama ataficha, ama atasema nusu, ama atabeba jambo hilo kifuani maisha yake yote. Na nchi hiyo inayo huduma ya taifa ya ukalimani, TIS National, inayopatikana kwa simu saa 24, Kiswahili kikiwemo. Madaktari wa binafsi, pamoja na mabingwa, wanaweza kujiandikisha na kuitumia bila malipo kwa huduma zinazolipiwa na Medicare. Daktari hupewa nambari yake, na kazi imekwisha. Lakini lazima mtu ndani ya kliniki alijue jambo hilo na ajaze fomu. Nani atamwambia? Tangazo la serikali lipo miongoni mwa matangazo mengine elfu. Mwenzake akimwambia wakati wa chai, jioni hiyo hiyo fomu imejazwa.

Mfano wa tatu ni mchungu. Februari 2016 vyombo vya habari vya Australia viliripoti kwamba katika hospitali ya St Vincent's, Sydney, wagonjwa kadhaa wa saratani za kichwa na shingo walikuwa wamepewa dozi ya dawa ya carboplatin ya miligramu 100 kwa kila mmoja, ilhali dozi ya dawa hiyo hukadiriwa kwa hali ya kila mgonjwa na ilipaswa kuwa kubwa zaidi. Jambo hilo liliendelea kwa miaka mpaka wenzake wa daktari husika walipolihoji mwaka 2015. Serikali ya jimbo iliunda uchunguzi rasmi. Ipo Sydney taasisi ya serikali ya jimbo, Cancer Institute NSW, inayotoa miongozo ya tiba iitwayo eviQ, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kwa hiyo maandishi ya kulinganishia hayakukosekana. Na tukio lenyewe lilitokea katika hospitali yenye wafamasia na wauguzi wengi. Je, katika kliniki ya daktari mmoja nani atalinganisha? Simwambii meneja amfundishe daktari dozi. Nasema anaweza kuuliza kwa wenzake: kwenu ni nani huhakiki dozi kabla ya dawa kuagizwa, na je, programu yenu ya kompyuta hutoa onyo pale kipimo kinapotofautiana na mwongozo? Akirudi na majibu, anaweza kumweka mezani daktari wake bila kumshutumu: mabwana, wenzetu wanne wanafanya hivi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga wetu, lakini vidole vingi navyo vinaweza kuiba. Nalitaja hili kwa sababu mtandao wa washindani una hatari yake, na sheria ya Australia inaiona. Ni marufuku kwa wafanyabiashara wanaoshindana kupatana juu ya bei, au kugawana wateja, au kukubaliana kutomnunulia muuzaji fulani kwa lengo la kumkomesha. Tangu Julai 2009 kupanga njama ya namna hiyo ni jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Meneja anayeuliza mwenzake, ninyi mnatoza pengo kiasi gani, ili nasi tupandishe, amekwisha kuvuka mstari, hata kama wamekaa kwenye mkahawa wakila keki. Ni kweli kwamba mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mamlaka ya ushindani iliwaruhusu kwa muda wauzaji wa jumla wa dawa kushirikiana ili dawa zisikosekane. Lakini ruhusa hiyo iliombwa kwanza, kwa maandishi. Duara lenye busara huweka kanuni mapema: ada hazitajwi, mishahara haitajwi, na mtu akiteleza mwenye kiti hukata mazungumzo.

Siri ya mgonjwa nayo ni vile vile. Sheria ya faragha ya mwaka 1988 huwabana watoa huduma za afya wa binafsi wote, hata kliniki iwe ndogo namna gani. Kwenye kundi la simu ni rahisi mno kuandika: jamani, nina mama wa miaka 61 kutoka mtaa fulani, ana saratani adimu ya aina fulani. Jina halikutajwa, ila jirani yeyote amekwisha kumjua. Swali linaweza kuulizwa bila mama huyo kuwemo.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki huenda anauliza, na sisi je? Kwetu mitandao ya wenye hospitali binafsi ipo, na imepata nguvu, lakini nguvu yake imetumika zaidi katika vita vya malipo. Nchini Tanzania, mfuko wa taifa wa bima ya afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao tarehe 1 Machi 2024, hospitali nyingi za binafsi, zikiongozwa na chama chao cha APHFTA, zilisimamisha huduma kwa wenye kadi za mfuko huo zikisema bei mpya haziwezekani. Nchini Kenya mfuko wa zamani, NHIF, ulipokea kijiti chake kutoka kwa historia tarehe 1 Oktoba 2024, pale mamlaka mpya ya SHA ilipoanza kazi, na madeni ya zamani yalibaki nyuma. Februari 2025 chama cha hospitali binafsi za mijini na vijijini, RUPHA, kilitangaza kusimamisha huduma za mkopo, kikidai mabilioni ya shilingi. Mwezi uliofuata Rais William Ruto aliagiza kwamba vituo vinavyodai hadi shilingi milioni 10 vilipwe, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza.

Silaumu mapambano hayo. Kliniki isiyolipwa hufunga. Lakini mgonjwa wa saratani ndiye mtu asiyeweza kungoja vita viishe, kwa sababu dripu yake ina tarehe. Na katika kelele za madeni, yale maswali madogo hukosa mahali: jokofu likizimika usiku nani huamka, mgonjwa wa kutoka Mtwara au Turkana alale wapi kati ya dripu ya kwanza na ya pili, mjane aambiwe nini juu ya deni.

Tulikwisha kuona ushirikiano wa kimya unavyookoa watu. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa hospitali ya Mulago, iliharibika isitengenezeke tena, na nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi mpaka mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Hospitali ya chuo kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Sifa ilikwenda kwa madaktari na kwa wafadhili, na walistahili. Lakini kila mgonjwa aliyetakiwa kuvuka mpaka alihitaji barua, faili lake, basi, malazi, mtu wa kumpokea, na tarehe inayolingana pande zote mbili. Kazi hiyo hufanywa na makarani na mameneja wa upande huu wakizungumza na wale wa upande ule.

Kuanzisha duara la namna hii hakuhitaji wafadhili. Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala zinazo tayari kliniki na vituo vya binafsi vya saratani vya kutosha kujaza meza moja. Watu sita wanatosha, kikao kimoja kwa mwezi, saa moja na nusu, kila mara kwenye kliniki ya mwingine ili kila mtu aone jokofu la mwenzake limewekwa wapi. Mwenye kiti abadilike. Katibu aandike swali na jibu tu, asiandike nani aliuliza. Waajiri waarifiwe tangu mwanzo, maana daktari akisikia kwa mlango wa nyuma kwamba meneja wake hukutana na washindani, kikao cha pili hakitakuwapo. Na katika kikao cha kwanza ningependekeza waanze na lile la ujumbe wa simu kwa marehemu: kila mmoja aeleze ni nani katika kliniki yake hulifuta jina, siku gani, na saa ngapi kabla ya mashine kutuma.